Mkwe Aliyerekodiwa

"Hebu rudia. Umesema kamera ya nani?"

"Sijasema ya nani. Nimesema hii si kamera." Kaka Sauti, aliyeshughulikia sauti pale ofisini, alisogeza kiti chake, akagonga kioo cha kompyuta kwa kalamu. "Fremu thelathini kwa sekunde, dakika arobaini nzima, haijashuka hata moja. Umeshaona wapi kamera ya hivyo?"

Mwanamke aliyekuwa akiulizwa, wenzake ofisini walishasahau jina lake. Walimwita Fremu, kama zinavyoitwa picha moja moja zinazounda video. Kampuni yao ilitengeneza programu ya kupigiana simu za video, na yeye ndiye aliyekuwa akichunguza kwa nini picha za wateja zinakwama. Alizijua kamera za kompyuta kama mama anavyowajua wanawe. Alijua kwamba kamera halisi haitulii. Wingu likipita dirishani na chumba kikafifia, inapunguza mwendo ili kila picha ipate mwanga wa kutosha. Kutoka fremu thelathini inashuka hadi ishirini, hata kumi na tano. Ikilemewa na picha nzito inabadili muundo, inaanza kuzituma zikiwa zimebanwa. Na kila simu huacha hayo yote kwenye ripoti.

Ripoti hii ilikuwa kavu. Thelathini, thelathini, thelathini, mpaka chini.

"Imeandika jina gani la kamera?" aliuliza.

"Ni kamera ya kuigiza. Programu tu hiyo. Unailisha video uliyojirekodi, inajifanya kamera, wa upande wa pili anadhani anakuona. Watu wanakwepea vikao." Kaka Sauti akacheka mpaka mabega yakatikisika. "Huyu ni kila siku, saa saba kamili mchana. Siku thelathini na nane! Sijui anamkwepa nani, maskini."

Fremu hakucheka. Alikuwa ameshaisoma namba ya kompyuta ile pale juu. Ilikuwa moja ya kompyuta mia mbili za watu waliokubali kulijaribu toleo jipya, na hiyo alikuwa ameiwekea programu kwa mikono yake mwenyewe.

Ilikuwa kompyuta ya mchumba wake. Na kila siku saa saba mchana, mchumba wake alikuwa akizungumza na mama yake.

Mama alipigwa na kiharusi miezi minne nyuma. Mkono wa kulia ukalala, ulimi ukawa mzito. Mtaalamu wa matamshi alisema dawa ni moja: aongee kila siku, na aongee na mtu anayemsikiliza kwa dhati. Fremu yuko kazini mchana kutwa. Ndipo mchumba wake, daktari wa meno katika mji mwingine, mwendo wa saa tano kwa basi, alipojitolea bila kuombwa.

"Mapumziko yangu ya mchana ni ya mama," alisema. "Nitamsikiliza mpaka apone."

Mashangazi walimsifu mpaka wakakaukiwa na mate. Mkwe wa namna hiyo utampata wapi siku hizi? Harusi ilikuwa imebakiza wiki tatu.

Fremu alichukua mkoba wake.

"Unaenda wapi? Kikao saa nane!" Kaka Sauti alipiga kelele.

"Mama anaumwa."

Alifika nyumbani saa saba na robo. Dada aliyekuwa akimuuguza mama alikuwa uani, anaanika nguo. Sebuleni mama alikuwa amekaa mbele ya kompyuta, amevaa gauni lake la kutokea, na kilemba amejifunga mwenyewe kwa mkono mmoja, kimepinda upande. Kwenye kioo, Daktari alikuwa na koti lake jeupe, shavu ameliegemeza kwenye kiganja, anatabasamu.

Fremu alisimama mlangoni, mahali ambapo kamera haimfikii.

"A-li... a-li-ni..." Mama alikuwa akisukuma neno, jasho linamtoka. "A-li-ni-a-chi..."

"Mmh," alisema Daktari. Akaitikia kwa kichwa. Akakuna kidevu.

Mama alinyoosha mkono kuchukua kikombe cha chai. Vidole vikamsaliti. Kikombe kikapinduka na chai ya moto ikammwagikia mapajani.

"Aaaa! Aaaa!"

Daktari alitabasamu kwa upole. "Vizuri sana, mama. Endelea."

Fremu aliruka. Alilivuta gauni lisigande kwenye ngozi, akamwita dada, wakamwagia mama maji baridi. Mapaja yalikuwa mekundu. Mama alikuwa akilia kama mtoto, na kule kwenye kioo yule bwana aliendelea kuitikia kwa kichwa. Akakuna kidevu. Palepale, kwa kidole kilekile.

Fremu alichukua simu yake, akampigia Daktari.

Iliita mara mbili.

"Mpenzi! Mbona saa hizi? Niko na mama hapa, usitukatishe."

Fremu alikuwa akikitazama kioo. Midomo ya Daktari ilikuwa imefungwa.

"Mama anasemaje?" aliuliza.

"Anaendelea vizuri mno. Leo amenichekesha kweli."

Nyuma ya sauti yake kulikuwa na vijiko vinagonga sahani, na wanaume wanabishana kuhusu mpira.

"Mama ameungua na chai."

Kijiko kimoja kikatua.

"Ee, nimeona! Nilikuwa ndiyo naelekea kukupigia."

"Umeona?"

"Kwa macho yangu, mpenzi. Nimeshtuka sana."

Kompyuta ikasema kwa sauti safi, "Vizuri sana, mama. Endelea."

Simu ilikuwa karibu, na Daktari akajisikia mwenyewe.

"Mpenzi, ngoja nikueleze..."

Alikata. Alipogeuka, mama alikuwa ameacha kulia. Alikuwa akiitazama simu mkononi mwa bintiye, kisha kioo, kisha simu. Ulimi ndio uliokuwa mzito, akili ilikuwa nyepesi kama zamani. Polepole alipeleka mkono wake mzima kichwani, akakifungua kile kilemba, akakiweka mapajani juu ya kitambaa chenye maji.



Ujumbe ulianza kuingia kabla hata mama hajapakwa dawa.

"Mpenzi naomba unisikilize."

"Ningekuwa na mwanamke mwingine ungekuwa na haki ya kukasirika. Mimi nilikuwa nakula tu."

"Siku tatu za kwanza nilikaa kweli. Dakika arobaini nasubiri neno moja, mate yanamchuruzika mbele ya chakula changu. Nani angeweza?"

"Na mama alikuwa anafurahi. Nani ameumia hapo?"

Fremu alijibu mara moja tu: "Ulijirekodi mara ngapi mpaka ikatoka vizuri?"

Jibu lilikuja haraka, kama la mtu aliyeona upenyo. "Mara nne tu mpenzi. Nilitaka aone nampenda."

Aliilaza simu kifudifudi, akaenda kumpaka mama dawa.

Kesho yake kazini hakufungua kazi ya mtu yeyote. Alifungua ripoti za zamani za kompyuta ile, akatafuta jioni moja ya miezi minne nyuma. Usiku wa kuamkia siku ile mama alikuwa amelazwa, na jioni yake Fremu alimpigia Daktari kutoka kwenye korido ya hospitali, akalia mpaka akakosa pumzi. Yeye hakusema kitu. Alimtazama tu, na chozi likamtoka jicho la kushoto, akalifuta kwa kidole gumba. Chozi lile ndilo lililomfanya Fremu, wiki moja baadaye, akubali kuvishwa pete.

Alisoma mstari wa jioni ile. Kamera ya kuigiza. Thelathini, thelathini, thelathini.

"Kaka Sauti."

"Naam."

"Mtu anawezaje kujirekodi analia, halafu akaweka akiba?"

Kaka Sauti alisoma mstari, akamtazama, akaelewa. Alinyanyuka akamletea maji.

Fremu hakuyanywa. Alikuwa akikumbuka kwamba jioni ile, kabla ya kukata, alikibusu kioo cha simu. Alikwenda kwenye sinki la ofisini akanawa mdomo kwa sabuni. Akarudi kukaa, akanyanyuka, akanawa tena.

Jumamosi asubuhi Daktari alikuja mwenyewe, na dada yake mkubwa akiwa mbele kama ngao. Dada mtu alikuwa mwalimu mkuu, mwanamke wa maneno yaliyopangwa.

"Wifi yangu," alianza, "mimi sijui kompyuta. Lakini ndoa ivunjike kwa sababu ya video? Mdogo wangu amekosa, uchovu wa kazi huo. Amekuja kuomba radhi kwa mdomo wake."

Daktari alipiga magoti mbele ya kiti cha mama. Alikuwa amenyoa vizuri, ananukia.

"Mama, nisamehe. Nilikosea. Wewe kwangu ni mzazi."

Chozi likamtoka, jicho la kushoto. Akainua kidole gumba kulifuta.

"Usilifute!" Fremu alisema kwa ukali, na yeye mwenyewe akashangaa. "Liache lianguke. Nataka nione kama lina maji."

"Wifi!" dada mtu alimkemea.

Mama aliinua mkono. Akamtazama yule aliyepiga magoti, akaanza kusukuma.

"Ni-li... ku-a-mbi-a... ni-ni?"

"Mama?"

"Si-ku... zo-te. Ni-li-ku-a-mbi-a... ni-ni?"

"Uliniambia... nimtunze binti yako."

Mama akatikisa kichwa. Hapana.

"Ulinisimulia ujana wako. Na marehemu baba."

Hapana.

"Basi jibu, mama anakuuliza," dada mtu alisema, sauti yake ikianza kubadilika. "Siku thelathini na nane huna hata neno moja?"

"Dada, hukuwepo wewe! Hukuona alivyokuwa anaongea. Ni makelele tu, huelewi hata..."

Aliuma ulimi, lakini alikuwa amechelewa.

"Maliza," dada yake alisema. "Maliza nikusikie vizuri."

Dada mtu alimtazama mdogo wake muda mrefu, namna mtu anavyotazama kitu alichokikanyaga kwa bahati mbaya. Akachukua mkoba wake.

"Nilikuja kukuombea," alisema. "Nilidhani una mwanamke nje, na hilo ningelijua la kusema. Hili sina maneno yake. Mama, tuwie radhi. Nina aibu hata ya kukaa kwenye kiti chako."

Akatoka peke yake. Fremu alivua pete. Hakutaka kugusa kiganja cha yule bwana, kwa hiyo aliiweka sakafuni karibu na goti lake.

"Mpenzi, tumetoka mbali..."

"To-ka," mama alisema.

Lilikuwa neno lililotoka zima, safi, kuliko yote tangu augue. Daktari aliokota pete akatoka. Fremu alichukua kitambaa akapangusa pale alipopiga magoti, akapangusa tena, kisha akakitupa na kitambaa chenyewe.

Ndipo alipokaa chini, miguuni pa mama yake.

"Mama, ulimwambia nini?"

Mama aligeuza uso. Machozi yalikuwa yanashuka, yanaingia kwenye mikunjo ya shavu lililolala.

"Mama, niambie mimi. Nina muda."

"Mi-mi..." Alipumzika. "Mi-mi... si-ku... ku-za-a."

Fremu alidhani amesikia vibaya. Akangoja. Mama akalirudia, na mara ya pili halikuwa na shaka: sikukuzaa.

Ilichukua siku nne jambo lote kutoka. Mama alikuwa na mdogo wake wa kike, aliyejifungua mtoto na kufariki siku ya kumi na moja. Kabla ya kukata roho alimkabidhi dada yake mtoto, ambaye ndiye Fremu, akamwomba asimwambie kitu mpaka akue, awe na kwake. Mama alipopigwa na kiharusi aliogopa ulimi utakufa na siri ile itakufa nao. Akaona amwambie mkwe, mtu mwenye subira, mtu anayesikiliza, ili baada ya harusi amweleze mkewe taratibu, amshike mkono akilia. Siku thelathini na nane alikuwa akisukuma maneno yale moja moja, mbele ya video.

Fremu alipofahamu hilo, hasira ilimpanda mpaka masikio yakavuma. Neno zito kuliko yote maishani mwake lilikuwa limemwagwa mbele ya picha inayokuna kidevu, mwenye sura yuko mgahawani anatafuna. Kiharusi kingerudi wiki ile, asingelijua milele. Kwa hilo alimchukia yule mtu kuliko kwa chozi la hospitali.

"U-na... ha-si-ra?" mama aliuliza, na hofu ilikuwa imemjaa machoni.

"Sina hasira na wewe."

"M-ma-ma... ya-ko..."

"Mama yangu ni wewe." Fremu alimshika mkono ule uliolala, akaubana shavuni. "Lakini yeye naye nataka kumjua. Alikuwaje?"

Mama alifikiri. Upande mmoja wa mdomo wake ukapanda, akawa anatabasamu.

"Ke-le-le," alisema. "Ke-le-le... sa-na!"

Fremu akacheka huku analia. Akaandika ujumbe ofisini kuomba ruhusa ya wiki nzima, akaizima simu, akavuta kiti karibu kabisa na mama yake, maana hadithi ya mdogo mtu ilikuwa ndefu, na maneno yalikuwa yanatoka moja moja.