Mrushaji Aliyekaa Benchi

Jumapili ya mwisho ya Machi, baa moja jijini Pittsburgh ilifurika hadi mlangoni. Joanie Petrak, mpiga eksirei wa hospitali, alikuwa amepita tu kuchukua pierogi zake, vile vitumbua vya viazi vya kuchemsha, aende nyumbani. Alivaa koti la mvua la kijani na viatu vya kazini, miguu ikimuuma. Mwanaume mrefu mwenye jezi ya njano iliyofifia akamzibia njia.

"Dada, unajua besiboli?"

"Nimelelewa na redio ya baba yangu. Kwani vipi?"

"Mwenzetu mmoja katutoroka. Tumebaki tisa, na ligi yetu inataka watu kumi. Kaa uchague timu, bia juu yangu. Naitwa Lyle."

Ilikuwa ligi ya kubuni. Marafiki hao waliianza tangu chuo, na sasa wengine wana vipara. Kila mmoja huchagua wachezaji wa kweli kutoka timu mbalimbali, na wanachokifanya uwanjani ndicho kinachompa pointi. Joanie alikaa, na zamu yake ilipofika akamtaja Stenholm, mrushaji kijana asiyejulikana, kazi yake kuwarushia wapigaji mpira wasiweze kuupiga. Meza nzima ikamcheka.

Kufika Juni hakuna aliyecheka. Stenholm alikuwa akiwaangusha wapigaji kama nzi, na Joanie alikuwa anapigania nafasi ya kwanza na Bridget, katibu wa ligi. Lyle naye alikuwa anaburuta mkia, na kila jioni alimpigia Joanie simu.

"Umemwona Stenholm leo, malkia?"

"Nimemwona. Na humpati."

"Nakupa wapigaji wawili na chakula cha jioni."

"Chakula nakubali. Wapigaji wako wabovu, kaa nao."

Wakala chakula hicho, kisha kingine. Agosti ilipoingia, mswaki wa Lyle ulikuwa bafuni kwa Joanie.

Ndipo Bridget alipomvuta kando kwenye foleni ya choo pale baa, midomo yake myekundu kama pilipili.

"Shoga, nisikufiche. Lyle namjua tangu chuo. Hajawahi kumpigia mwanamke simu kila siku. Huyo anamtaka Stenholm."

"Acha uzushi."

"Haya. Wewe sikiliza tu anavyoanza."

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na Joanie alishaumwa: mumewe wa zamani alimdanganya miaka kadhaa huku akimwita asali. Akaanza kusikiliza. Kweli, kila simu ilianza na Stenholm. Wakila, Lyle aliilaza simu yake kifudifudi mezani. Akichelewa, Joanie alinusa jezi yake kabla ya kuiosha. Jezi ilinuka mafuta ya mitambo ya kupasha nyumba joto aliyokuwa akitengeneza kazini, basi, lakini moyo haukutulia.

Wiki ya mwisho ya msimu, Septemba, akamwekea mtego. Muda wa kubadilishana wachezaji ulishapita, lakini kumwacha mchezaji kuliruhusiwa. Aliyeachwa hukaa pembeni hadi kesho yake, na wakimwomba wawili, hupewa aliye chini zaidi kwenye msimamo. Wa chini kabisa alikuwa Lyle. Joanie akamwacha Stenholm, akijiambia: akimchukua kimyakimya, nimemjua.

Asubuhi akafungua simu. Stenholm alikuwa wa Lyle.

Akautupa mswaki kwenye takataka. Lyle alipiga, hakupokea. Akapiga tena. Ukaja ujumbe: "Joanie, tafadhali, pokea." Akaizima simu na kwenda kupiga picha mifupa ya watu.

Ligi ilipofungwa, aliangalia matokeo kwa shingo upande. Yeye bingwa. Bridget wa pili, kwa pointi chache mno. Lyle wa mwisho.

Wa mwisho vipi, na Stenholm anaye?

Akaifungua timu ya Lyle. Wiki nzima Lyle alikuwa amemweka Stenholm benchi, ambako pointi hazihesabiwi. Uwanjani kijana alikuwa amerusha mchezo wa ajabu, na pointi zote zimepotea bure. Ili kumpatia nafasi, Lyle alikuwa amemwacha mpigaji wake bora.

Joanie akakaa sakafuni.

Kwa desturi ya ligi, wa mwisho huvaa mavazi ya kuku na kugawa mabawa ya kukaanga mlangoni pa baa. Jumamosi Joanie alimkuta Lyle hapo, manyoya ya manjano hadi magotini, kishungi chekundu kimelala upande.

"Kwa nini hukumchezesha?"

"Hakuwa wangu. Nilidhani kidole kimekuteleza. Bridget angempata, angekupita. Nikamchukua nimtoe njiani, nikakupigia nikueleze."

"Kidole hakikuteleza, Lyle. Nilikuwa nakutega."

Lyle akashusha trei. "Kunitega? Kama panya?"

"Kila ukipiga ni Stenholm, Stenholm! Na hiyo simu unayoificha mezani?"

"Ulisema hutaki besiboli wakati wa kula! Nilikuwa nachungulia matokeo. Na Stenholm... ningeanza na nini? Mtu mzima mimi, naogopa kupiga simu. Nilihitaji sababu."

Mteja mmoja akanyoosha mkono, akachukua bawa, akaondoka haraka.

"Nisamehe," Joanie akasema. "Ilinipasa nikuulize."

"Ungeniuliza. Sasa niache kwanza, Joanie. Nina hasira, na nimevaa manyoya."

Akaondoka. Hakulia njiani, alilia jikoni. Siku zikapita, majani ya miti ya mtaani yakageuka rangi, simu kimya. Alitamani kumuuliza Bridget kama Lyle ana mwingine. Mara mbili aliitafuta namba ya Bridget, mara mbili akaiacha.

Jioni moja akikunja nguo, simu ikalia.

"Ni mimi," Lyle akasema.

"Kuna nini? Stenholm kaumia?"

"Sijui. Msimu umekwisha. Sina sababu yoyote ya kupiga."

Joanie akaweka shati chini, akavuta kiti.

"Haya," akasema. "Endelea."