Mjane Asiyelia

Wanawake waliokuwa wanakwenda kupandikiza mpunga ndio waliomkuta Malale. Ilikuwa saa moja asubuhi. Alilala kifudifudi kwenye mfereji nyuma ya shamba lake, kisogo kimepasuka, maji yakimpita masikioni. Kijiji kiko nje kidogo ya Mpanda, kwenye njia ya kwenda Mamba, na habari ile haikuhitaji simu kuzunguka. Vilio vilitosha kuifikisha hadi nyumba ya mwisho.

Nyumba ambayo haikulia ni moja tu, nayo ni ya marehemu.

Sajenti Specioza wa upelelezi alipofika, uwanja ulikuwa umejaa. Wanawake walikuwa wamejifunga khanga viunoni na wengine wanagaagaa chini. Katikati yao, mjane Nyanzala alikaa kwenye kigoda na ungo mapajani, anachambua mchele. Alitoa chuya akatupa, alitoa kokoto akatupa. Mwanawe wa miaka mitatu, Upendo, alimng'ang'ania bega akilia mpaka sauti imemkauka, na mama hata shingo hakuigeuza.

"Pole sana, mama," Specioza alisema.

"Ahsante. Wageni ni wengi, lazima wale."

Specioza aliutazama ule ungo. Yeye mwenyewe alimzika mwanawe Fredrick mwaka jana, mtoto wa miaka tisa aliyezama bwawani, na siku ile majirani walimshika watu wanne asijirushe kaburini. Tangu hapo haikupita asubuhi hajalia, kisha akanawa uso, akavaa sare, akaenda kazini. Alikuwa amechoka kulia. Amechoka kabisa, jamani, uchovu ule wa kutamani hata kuwa jiwe.

Mzee Gaudensi, mwenyekiti wa kitongoji, alimvuta pembeni. "Afande, usijisumbue kutafuta mbali. Mke gani anafiwa na macho makavu? Hata mbele za watu tu, angejikaza alie."

"Ndugu mmewaita?"

"Upande wa mume wako Shinyanga huko, watachelewa. Wa karibu ni mume wa dada yake huyu mjane, yule dokta Telesfori wa Nsemulwa. Nimempigia mwenyewe."

"Umemwambia kwamba ni mauaji?"

Mzee akashangaa kuulizwa. "Mtu anakuja kupanda pikipiki, utamrushia habari kama hiyo kwenye simu aje kuanguka njiani? Nimemwambia aje haraka, Nyanzala kazidiwa. Ya msiba ataambiwa akifika, akishakalishwa chini."

Specioza akatikisa kichwa kukubali. Ndivyo wanavyofanya wote, na haikumpitia akilini kwamba hapo kuna la kuandika.

Akaanza na Masalu, mfugaji ambaye ng'ombe wake waliingia kwenye mpunga wa Malale juzi yake, na watu walimsikia akiapa kwamba watakutana.

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Mayu, mama afande, nilikuwa nimefungiwa ofisi ya kata," Masalu alijibu kwa unyonge. "Kwa ajili ya haohao ng'ombe. Nimeingia mchana, nimefunguliwa leo watu wakishaanza kulia. Muulize mgambo, ugali wake ndiyo tumekula wote."

Mgambo akakiri hata kuhusu ugali. Masalu akatoka kwenye hesabu, na macho ya kijiji kizima yakarudi kwenye ungo wa mchele.

Specioza akamwingiza Nyanzala ndani, akafunga mlango.

"Mumeo alitoka saa ngapi jana?"

"Jua likizama."

"Kwenda wapi?"

"Shambani. Alisema kuna mtu anakutana naye."

"Nani?"

"Sikuuliza."

"Mlikuwa mmegombana?"

"Yeye ndiye aligomba. Mimi nilikuwa napika. Alisema nimrudishie mke wake."

"Maana yake nini?"

"Sijui. Alikuwa analia."

Specioza akaweka kalamu chini. "Nyanzala, ulimuua wewe?"

Mwanamke akafikiri, tena kwa bidii, akitafuta jibu zuri la kumsaidia mgeni. "Sikumbuki kumuua. Lakini kama watu wote wanasema, andika tu hivyo."

"Unajua kwamba utanyongwa?"

"Nimesikia."

"Na huyu mtoto je?"

Nyanzala akamtazama Upendo vile mtu anavyotazama mbuzi wa jirani. "Atakula kwa watu," alisema.

Ndipo kikasikika kilio cha mwanaume kutoka barabarani. "Malale ee! Malale ndugu yangu! Umetuachia nani!" Pikipiki haikuwa imesimama sawasawa, Telesfori akajitupa chini na shati lake jeupe, akajipigiza mavumbini, na wanawake waliokuwa wameanza kunyamaza wakashika upya. Hata Specioza machozi yalimlenga.

Alimfahamu mtu huyu. Nani Mpanda hamfahamu? Ana kisanduku cha chuma, kizito, chenye taji la nyaya. Anakuvika taji kichwani, anabonyeza, taa ya kijani inawaka, na baada ya muda mfupi unainuka huna huzuni. Watu walioingia kwake wakibebwa walitoka wakiongea habari za mahindi. Kisanduku hakimbanduki, hata kanisani huenda nacho. Jina la Specioza lilikuwa kwake tayari, atibiwe Jumamosi.

"Nyanzala alikuwa mgonjwa wangu," Telesfori alimwambia, akijifuta uso. "Nilimtibu alipofiwa na kichanga chake masika yaliyopita."

"Siku za karibuni alikuwaje?"

"Afande, ni shemeji yangu, sipendi kusema." Akashusha pumzi. "Alikuwa na hasira na mumewe. Niliogopa, lakini sikudhani tungefika huku."

Specioza aliandika kila neno na alimwamini. Tusimwonee, mtu anayekuahidi kukuondolea maumivu Jumamosi, ni vigumu kumshuku Alhamisi.

Mkuu wake akapiga simu: mtuhumiwa afikishwe kituoni kabla ya jioni. Nje, vijana walikuwa wameshaanza kuokota mawe, na mmoja alikuwa na dumu la petroli, anajifanya kalibeba kwa shughuli nyingine. Nyanzala akiuliwa au akifungwa, yote yalikuwa mamoja kwake, na hilo ndilo lililomtisha Specioza. Hapakuwa na mtu wa kumtetea mwanamke huyu, hata mwanamke mwenyewe.

Akambeba Upendo amnyamazishe. Mtoto akamlilia sikioni, kilio chembamba, cha mtu aliyeishiwa, na siku ya Fredrick ikamrudia yote. Siku ile naye alipigiwa simu. Aliambiwa mama yake mzazi anaumwa. Njia nzima alimlilia mama, akasimama sokoni kumnunulia machungwa, na aliingia nyumbani na machungwa mkononi, akamkuta mama yake amesimama mlangoni mzima, amenyoosha mikono kumpokea. Hadi alipoona ile mikono, Fredrick kwake alikuwa hai.

Mtu humlilia yule aliyetajiwa.

Specioza akabaki amesimama, mtoto begani. Telesfori alitajiwa Nyanzala. Kwa nini alikuja akimlilia Malale?

Akamrudisha mtoto kwa jirani, akamfuata Shadrack, dereva wa bodaboda, aliyekuwa anafuta pikipiki yake kando ya njia.

"Ulimchukulia wapi dokta?"

"Mlangoni kwake, afande. Nilikuwa nimempelekea mkaa, simu ya mzee ikaingia nikiwa hapohapo."

"Mlisimama popote? Alipigiwa simu nyingine?"

"Hakuna. Ametia simu mfukoni, kapanda, tumenyoosha. Ila ameanza kulia Malale, Malale, tulipovuka kalavati, kijiji bado hata hakionekani, nikajua tu kumbe mgonjwa ndiye yeye na kashafariki."

"Kisanduku chake kiko wapi?"

Shadrack akacheka kidogo, kisha akakumbuka yuko msibani. "Hata mi nilimuuliza. Dokta, si unaenda kwa mgonjwa, mbona huchukui mashine? Akaniambia twende, acha maneno."

Specioza alimwacha mgambo mlangoni kwa Nyanzala, akamwagiza kwamba mtu akisogea na dumu lile apige filimbi na apige virungu, kisha akapanda nyuma ya Shadrack.

Huko Nsemulwa, Minza, mke wa Telesfori na dada yake Nyanzala, alikuwa anafagia uwanja. Specioza alikuwa amejiandaa kwa ubishi, kwa vitisho, kwa mke anayemficha mumewe. Hakuhitaji hata kimoja.

"Kisanduku kipo uvunguni," Minza alisema, akiendelea kufagia. "Kilikuwa na damu. Alikiosha jana akitoka kwa kina Nyanzala."

"Damu ya nani?"

"Alisema ya Malale. Alisema amemuua bahati mbaya, nisimwambie mtu."

"Mbona unaniambia mimi?"

Minza akasimamisha ufagio, akatafakari. "Umeuliza," alisema.

Specioza akauliza kama naye aliwahi kuvishwa taji. Minza akajibu kwamba yeye ndiye alikuwa wa kwanza, alipojifungua mtoto mfu, na tangu hapo hajambo.

Alipokivuta kisanduku uvunguni, pembe yake moja ilikuwa imebonyea, na kwenye mkunjo wa chuma, pale ambapo kitambaa hakifiki, palikuwa na damu iliyoganda na nywele. Taa ya kijani ilikuwa bado inawaka.

Aliporudi kijijini, Telesfori alikuwa amekaa na wazee, anapanga habari za jeneza. Specioza akaweka katikati yao gunia alilotoka nalo Nsemulwa.

"Mzee Gaudensi, rudia mbele za watu. Ulimwambia nini dokta kwenye simu?"

"Kwamba Nyanzala kazidiwa."

"Ulimtaja Malale?"

"Hata kidogo. Nimtaje vipi?"

"Dokta, ulijuaje marehemu ni nani tangu kwenye kalavati?"

"Nili... nilihisi. Mtu akiitwa hivi anaelewa kuna msiba."

"Kuna msiba, sawa. Wa nani? Sisi wote tungemlilia Nyanzala. Wewe ni mganga wake, umeitwa kwa mgonjwa wako, ukaacha dawa nyumbani." Akafunua gunia. "Uliiacha kwa sababu damu haijatoka yote."

Telesfori akatazama ile pembe, akatazama watu, akaanza kusema kwamba hayo ni maneno ya mke tu.

"Mkeo hakukusingizia," Specioza alisema. "Nimemuuliza, akajibu. Hakuogopa, hakukuonea huruma, hakukuchukia. Wewe ndiye uliyemfanya hivyo."

Hapo mwanaume akakata tamaa. Akakaa chini, safari hii bila kelele.

"Malale aliniita nije kumwongezea mkewe dawa," alisema. "Kumbe alitaka tuonane peke yetu. Tumefika mferejini, akanishika shati. Anasema, mke wangu hamlilii mtoto tuliyezika, na huyu aliye hai hamchekei, nirudishie mke wangu. Nikamwambia huzuni ikishatoka hairudi. Akanyakua kisanduku akitupe majini. Tukanyang'anyana. Aliponipa mgongo nikampiga."

"Ulijua kwamba hairudi?"

"Nilijua tangu kwa Minza. Huzuni haitoki peke yake, inatoka na yale iliyoshikana nayo." Akainua uso. "Lakini mlikuwa mnakuja kwangu mnatambaa. Hata wewe, afande. Ningewaambia nini? Na ningemrudia Minza nimwambie nini, kwamba nilimmaliza bure?"

Yule kijana wa dumu alikuwa amelisukuma nyuma ya miguu yake, na Mzee Gaudensi alikuwa amefunika uso kwa kofia. Specioza akamfunga Telesfori pingu. Kisanduku kilipofika kituoni, ufunguo wa stoo ya vielelezo alimkabidhi mwenzake, akamwomba asimpe hata akiuomba, kwa maana alijijua.

Malale alizikwa Jumamosi. Watu walimwomba Nyanzala msamaha, naye akawaambia hakuna shida, na kweli kwake haikuwepo. Alisimama kando ya kaburi mikono imelegea, Upendo akiwa amebebwa na jirani, na udongo ulipoanza kushuka aligeuka akamtazama Specioza, ambaye uso wake ulikuwa umelowa.

"Inauma?" aliuliza.

"Inauma sana."

"Wapi?"

Specioza akauchukua mkono wa yule mwanamke, akauweka juu ya kifua chake mwenyewe, aone kinavyoruka. Nyanzala akauacha hapo kwa muda, ameinamisha kichwa, anasikiliza.

"Basi walilie na wa kwangu," alisema.

Specioza akakaa chini kwenye udongo na sare yake, Nyanzala akainama naye. Akamlilia Malale kwa jina, kwa sauti ya kufika barabarani, akamlilia na kile kichanga, kisha akamlilia Fredrick, na mkono wa Nyanzala ulikuwa bado uko kifuani pake.