Duara katika Daftari la Lucien

Kila asubuhi Nsimire alikuwa na kazi tatu kabla ya shule: kuchota maji bombani, kufagia mbele ya mlango, na kumtwisha mama yake kapu la vitunguu. Maman Emérence aliuza vitunguu katika soko la mtaa wao, Kadutu, na nyumba yao nzima, tangu mablanketi hadi sare ya shule, ilinuka vitunguu. Wenzake walimtania kwamba akipita yeye hata mtu mwenye furaha hulia. Nsimire alicheka nao. Huzuni ya kweli ilikaa ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda cha mama, na hiyo hakuna aliyethubutu kuitania.

Ndani ya sanduku mlikuwa na daftari la biolojia la kaka yake, Lucien. Kwenye jalada jina hilo lilikuwa limepigwa mstari na juu yake kuandikwa Mushagalusa, maana miaka ile ya Zaïre majina ya ubatizo yalikatazwa shuleni. Lakini midomoni mwa watu alibaki Lucien mpaka mwisho. Malaria ilimpanda kichwani siku ya Jumamosi, Jumatano wakamzika, naye hakuwa ametimiza miaka kumi na mitano. Miaka miwili ilikuwa imepita. Kila Jumapili baada ya misa mama, ambaye hakujua kusoma, alifungua ukurasa wa mwisho ulioandikwa, akapitisha kidole juu ya mchoro, mstari kwa mstari, kisha akalirudisha daftari sandukuni. Mtu mwingine hakuruhusiwa kuligusa.

Sasa Nsimire mwenyewe alikuwa mwaka wa pili wa sekondari, darasa lile lile la Lucien, kwa mwalimu yule yule, citoyen Bahizire, maana enzi hizo 'citoyen', yaani raia, ndilo lililotumika badala ya 'bwana'. Mwalimu huyu alifundisha kwa Kifaransa kama ilivyotakiwa, lakini alipoona macho ya wanafunzi yamekauka, alihamia Kiswahili. Ijumaa moja aliingia amekumbatia kisanduku cha mbao. Mlikuwa na hadubini, moja tu kwa shule nzima, na wanafunzi walikuwa arobaini na wawili.

Aliwaeleza kwamba kila kilicho hai kimejengwa kwa seli. Seli ina utando mwembamba unaochagua kipi kiingie na kipi kitoke, kama mama mwenye nyumba mlangoni pake. Ndani mna ute, na humo kazi zote hufanyika. Kiini ndicho kinachoziongoza kazi hizo, nazo mitokondria, ambazo ni ndogo mno kwa hadubini ya shule, huchoma chakula ili seli ipate nguvu. Hayo yote mmea unayo na mnyama anayo. Lakini seli ya mmea ina pia ukuta mgumu nje ya utando, ndiyo maana mgomba husimama bila mifupa. Ina vakuoli, yaani ghala kubwa la maji, na katika majani ina chembe za kijani zinazotengeneza chakula kwa mwanga wa jua.

Nyota, rafiki wa Nsimire aliyekaa naye dawati moja, aliuliza mbona kitunguu walichopewa wamenye ili watazame ngozi yake chini ya hadubini si cha kijani. Mwalimu alilifurahia swali hilo. Kitunguu hukaa udongoni, akasema, hakioni jua, basi ngozi yake ya ndani haina chembe hizo.

"Kwa hiyo musichore kile kitabu kinasema," alimalizia. "Muchore kile jicho lenu linaona. Muniletee Jumatatu."

Zamu ya Nsimire ilipofika, aliinama, akafumba jicho moja, akatazama. Aliona giza na vijiti vyeusi vikipepea. Zilikuwa kope zake mwenyewe, ila hakujua. Mwalimu alimwuliza kama anaona. Nyuma yake mtu alinong'ona kwamba dada yake Lucien hawezi kushindwa kitu kama hicho. Nsimire alijibu kwamba anaona vizuri sana, akampisha aliyemfuata.

Uongo huo ulimkaa kifuani siku mbili nzima. Jumapili alasiri, mama alipokwenda kumwona jirani aliyejifungua, Nsimire alivuta sanduku, akatoa daftari. Mchoro wa Lucien ulikuwa mzuri ajabu: seli zimepangwa safu kwa safu, kila moja na kiini chake kando, na katikati duara moja kubwa lenye ukingo mnene, lililokatwa kidogo upande mmoja. Pembeni Lucien alikuwa ameandika "vakuoli". Nsimire aliweka karatasi yake juu, akabana vyote kwenye kioo cha dirisha, akafuatisha kila mstari kwa penseli ngumu. Aliondoa karatasi, akalitazama daftari. Penseli ilikuwa imekandamiza mpaka chini, na mistari laini ya kaka yake sasa ilikuwa mifereji. Alijaribu kuisawazisha kwa ukucha, lakini haikusawazika.

Ijumaa iliyofuata, mwalimu Bahizire alimbakiza darasani. Aliweka mezani mchoro ambao Nsimire aliuleta Jumatatu, akagusa lile duara.

"Hii uliiona wapi?"

"Ndani ya hadubini, citoyen."

"Mutoto wangu, hii haiko vakuoli. Ni hewa. Mutu akiangusha haraka kile kioo kidogo cha kufunikia juu ya tone la maji, hewa inanaswa chini yake." Alifuata ukingo wa duara kwa kidole. "Na hewa hii ninaijua. Imelalia seli mbili, na hapa kando imekatwa. Nilikuwa nimesimama nyuma ya Lucien siku aliichora. Alibisha sana. Nikamwambia, basi, lete daftari Jumatatu, tutatazama pamoja, nikusahihishie. Jumatatu hakuja."

Mwalimu alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu ingawa haikuwa na vumbi. Hapo Nsimire alishindwa. Alilia, akasema yote: vijiti vyeusi, uongo, sanduku, mifereji. Mwalimu hakumkemea; alimweleza tu kwamba vijiti vile vilikuwa kope zake mwenyewe. Alimwambia kazi hiyo hataipa alama, na kwamba Jumatatu baada ya masomo hadubini itakuwa mezani ikimngoja. Lakini mama yake lazima aambiwe, na atakayemwambia ni yeye mwenyewe.

Jumamosi ilipita na Nsimire hakufungua kinywa. Jumapili, baada ya misa, mama alikaa kitandani, akafungua daftari magotini. Kidole kilianza safari yake ya kila wiki. Kilifika mstari wa kwanza, kikasimama. Kikarudi nyuma, kikapita tena.

"Ni mukono ya nani imepita hapa?" aliuliza. "Lucien hakukuwa anakandamiza hivi."

Nsimire alipiga magoti sakafuni, akaeleza, tangu kope hadi maneno ya mwalimu kuhusu hewa. Mama alisikiliza bila kumkatiza. Kisha aliuliza jambo moja tu: kama ni kweli lile duara, ambalo yeye alilipenda kuliko vyote kwa kuwa kidole chake kililijua, lilikuwa kosa. Nsimire akasema ni kweli. Mama alitabasamu, na machozi yakamtiririka juu ya tabasamu lile. Ilimwuma Nsimire kuliko kama angepigwa.

"Alikuwa na haraka," mama alisema. "Hata kula alikula haraka. Sikiliza, Nsimire. Kosa yake iko yake. Ulimunyanganya hata hiyo. Mimi sikukuomba ukuwe Lucien. Mutoto moja alienda, na wewe unataka kwenda pia, nibaki na nani?"

Nsimire aliweka kichwa chake magotini pa mama, palipokuwa na daftari, nao wakakaa hivyo mpaka chakula kikaungua jikoni.

Jumatatu baada ya masomo mama alikuja shuleni na kapu lake kichwani. Alichagua kitunguu, akakipasua, na kwa kucha zake za mchuuzi akabandua ngozi nyembamba ya ndani, safi, bila kuichana. Mwalimu aliidondoshea tone la iyodi, ile dawa ya kahawia ya vidonda. Nsimire alishusha kioo kwa mshazari, taratibu, mpaka hewa yote ikatoka. Akainama. Kope zilikuja tena. Safari hii alisema, "Citoyen, sioni kitu." Mwalimu akamwonyesha jinsi ya kusogeza jicho na kuzungusha gurudumu dogo la kando. Na mara vikatokea vyumba virefu vya manjano, ukuta kwa ukuta, kila chumba na kiini chake kimesukumwa kando na ghala la maji.

Mama naye aliomba kutazama. Alikaa ameinama muda mrefu. "Lucien aliona hivi?"

"Aliona hivi hivi, maman," mwalimu alijibu.

Ndipo mama akaingiza mkono ndani ya kapu, chini ya vitunguu, akatoa daftari lililofungwa kwa kitenge. Alilishika kwa mikono miwili, akampa mwalimu.

"Ulimwambia alete Jumatatu," alisema. "Nimekuletea. Umusahihishie."

Mwalimu Bahizire alichukua kalamu nyekundu. Kando ya duara aliandika polepole, "Hii ni hewa. Shusha kioo taratibu." Chini ya ukurasa akampa Lucien alama tisa juu ya kumi.

Nsimire alikaa akachora seli alizoziona mwenyewe. Kuta zake zilipinda, na viini vilikuwa vikubwa kupita kiasi. Mwalimu alimpa sita.

"Hii sita ni yako," alimwambia. "Kama mutu anasema 'sioni', ninaweza kumusaidia, naye ataona. Kama anasema 'naona' na haoni, hata mwalimu hana la kumufanyia. Kusema 'sioni' haiko aibu. Aibu iko kuchukua jicho la mutu mwingine na kusema ni langu."

Wakapanda kilima kurudi Kadutu, mama mbele na kapu, Nsimire nyuma na madaftari mawili. Mifereji ile haikufutika kamwe. Jumapili iliyofuata mama alifungua daftari kama kawaida, ila safari hii alimwita Nsimire akae karibu, amsomee yale maneno mekundu.