Kadi Yenye Taa Nyekundu

Kila aliporudi shuleni, Kiberiti alirusha mkoba kitandani, akabonyeza kitufe cha kompyuta kwa kidole gumba cha mguu, kisha akakimbilia jikoni. Alijua mashine ile haiamki upesi. Angekunywa maji, angenawa uso na kubadili sare, na bado angeikuta ikizungusha kile kiduara chake kwenye skrini kama mtu aliyesahau alichotaka kusema.

"Keti basi, mwanangu," mama alimwambia siku hiyo bila kuinua macho kwenye cherehani. "Unazunguka utadhani umekalia siafu."

"Nasubiri, mama. Ila nasubiri kwa kusimama."

Mama alikuwa mshonaji wa mapazia, na sebule ndiyo iliyokuwa kiwanda chake. Marobota ya vitambaa yalisimama kila kona na nyuzi zilielea hewani. Kompyuta ilikaa kwenye meza ndogo dirishani, na sanduku lake, ambalo wao waliliita sipiyu, lilikaa sakafuni miguuni pa cherehani. Baba, aliyefanya kazi mji mwingine, aliinunua kwenye ofisi iliyokuwa ikifungwa, zamani hizo Kiberiti hajajua hata kusoma.

Hodi ikapigwa mlangoni, akaingia Mlingoti, rafiki yake wa darasa moja, msichana mrefu ambaye maneno yake yalikuwa machache kuliko sentimita zake. Wakaketi pamoja. Mchezo wao ulikuwa wa kuendesha malori milimani: mmoja anashika usukani, mwingine anasoma ramani na kumwelekeza. Kiberiti ndiye dereva. Siku hiyo walifika kwenye kona ya tatu, feni ya sipiyu ikaanza kunguruma, picha zikaganda, kisha skrini ikawa nyeusi.

"Imekufa tena," alisema Mlingoti.

"Tutaaibika!" Kiberiti aliruka juu. Ukumbi wa vijana ulikuwa umetangaza mashindano ya mchezo huo wakati wa likizo, na kila timu ilitakiwa kuja na kompyuta yake. "Tununue vifaa vipya. Leo!"

Akiba walikuwa nayo, ingawa si kubwa. Kiberiti alipata sehemu yake kwa kumtilia mama kulabu kwenye mapazia. Mlingoti alikuwa ameuza njiwa wake aliowafuga tangu wakiwa mayai, akabakiza jozi moja tu. Pesa zote zilikaa kwa Kiberiti, ndani ya kopo la vifungo.

Walikwenda kwa shangazi yake Kiberiti, fundi wa kompyuta aliyekuwa na kibanda karibu na soko. Walimkuta amezungukwa na mashine za watu, bisibisi sikioni kama kalamu.

"Shikamoo, Shangazi. Tunataka kuifanya kompyuta iwe na nguvu. Tununue nini?"

"Marahaba. Msinunue kitu. Mgonjwa hupimwa kwanza, dawa baadaye. Nileteeni Jumamosi niifungue, tujue inaumwa nini. Kwa pesa yenu hiyo ndogo, mkikosea mara moja basi."

"Jumamosi? Shangazi, Jumamosi ni mbali!"

"Haijahama, ipo palepale. Nina kazi za watu hapa, mama."

Mlingoti alikubali. Kiberiti naye alisema sawa, lakini mguu wake ulikuwa ukigonga sakafu.

Siku iliyofuata, alipotumwa sokoni kununua uzi, alipita kwa muuza vifaa vya mtumba. Pale juu ya turubai, katikati ya nyaya na chaja, aliiona: kadi ya kompyuta ya kung'arisha picha, yenye feni mbili na taa nyekundu. Muuzaji aliigeuza juani.

"Hii ukiweka, dada mdogo, mashine haitakimbia, itapaa!"

"Itaingia kwenye sipiyu yangu? Ni ya zamani kidogo."

"Haijawahi kukataa popote. Na waya wa kuunganishia nakupa bure."

"Na ikikataa?"

"Mtumba haurudishwi. Lakini yuko mteja mwingine anaiwaza, usije ukalia."

Kiberiti alisimama. Akaondoka. Akafika penye mafungu ya nyanya, akarudi. Alimkumbuka Shangazi na Jumamosi yake, akamkumbuka Mlingoti, lakini mikono ilikuwa ikimwasha. Alikimbia nyumbani, akachukua kopo la vifungo, akarudi akihema.

Mama alikuwa amekwenda kumtundikia mteja mapazia. Kiberiti alifungua sipiyu kwa kisu cha jikoni. Kadi ilikuwa ndefu, ikagonga kibati cha ndani; akakipinda kibati. Waya ulikuwa mgumu kuingia. Akausukuma mpaka ukaingia. Hakutazama kitu kingine chochote mle ndani. Akawasha.

Taa nyekundu ziliwaka. Milima ikatokea kwenye skrini, na kwa mara ya kwanza aliona majani ya miti yakitikisika. "Mama wee!" alipiga kelele peke yake. Alipita kona ya kwanza. Alipoingia ya pili, kitu ndani ya sipiyu kililia *paa!* na harufu ya plastiki iliyoungua ikajaa chumba.

Alichomoa waya ukutani, akafungua madirisha, akapunga hewa kwa kipande cha pazia. Kisha akaichomoa ile kadi na kuifukia chini ya rundo la vitambaa chakavu.

"Mbona kunanuka moshi?" mama aliuliza aliporudi.

"Labda kwa jirani."

Uongo wa kwanza ulitoka mwepesi. Wa pili ulimkuta mlangoni, jioni, Mlingoti alipokuja kufanya mazoezi.

"Kompyuta imeungua," Kiberiti alisema haraka kabla hajaulizwa. "Shangazi alipita, akaifungua, akaiunguza."

"Si alisema Jumamosi?"

"Alibadili mawazo."

"Na pesa zetu?"

Hapo ndipo angeweza kugeuka. Aliona njia ya kurudi ilivyo wazi. Lakini aliwaza uso wa Mlingoti utakavyokuwa, akasema, "Alizichukua za vifaa."

Mlingoti alitazama sipiyu, akatazama mikono yake mwenyewe, akaenda zake.

Tangu hapo Kiberiti hakutulia. Darasani alikalia ukingo wa kiti. Nyumbani kila kiatu kilichokanyaga kokoto za nje kilimshtua. Alitia kulabu kwenye mapazia akizitia upande usio wenyewe, mama akazitoa na kuzitia upya. Kila mara alijiambia: kesho nitasema. Kesho ikifika, alipata kazi nyingine ya kufanya.

Njia ya mwongo ni fupi. Mlingoti hakuwa mtu wa kulalamika, lakini baba yake, ambaye alikuwa mwashi, aliona jinsi binti yake anavyowatazama wale njiwa wawili waliobaki, akamuuliza, akaambiwa. Alikwenda moja kwa moja kwenye kibanda cha Shangazi, mikono ingali na saruji, akasema mbele ya wateja: "Wewe ni mtu mzima. Unachukuaje pesa za watoto, na kazi yenyewe unaiharibu?" Mwokaji mikate, aliyekuwa ameleta kompyuta yake ya hesabu, aliyasikia yote. Aliichukua mashine yake mezani, akaikumbatia, akaondoka nayo.

Shangazi alifika nyumbani jioni hiyo. Hakupiga hodi kwa sauti kama kawaida yake. Cherehani ilinyamaza.

"Karibu, wifi," mama alisema. "Kuna nini? Umepauka."

"Kuna kitu nataka kumuuliza mwanao. Uniitie."

Kumwita hakukuwa na haja. Kiberiti alikuwa amejificha nyuma ya pazia la mteja lililotundikwa, na miguu yake ilionekana chini.

"Toka huko," mama alisema. "Pazia hilo lina mwenyewe."

Alitoka. Shangazi hakufoka, na hilo ndilo lililomwumiza zaidi. "Nimeambiwa niliunguza kompyuta yenu. Nimeambiwa nilikula pesa. Nimejaribu kukumbuka ni lini, nimeshindwa. Nikumbushe wewe."

Kiberiti alifungua kinywa, uongo wa tatu ukiwa tayari ulimini. Kisha akaona mkono wa Shangazi ukisugua kidole gumba taratibu, kama mtu anayejizuia kulia. Alikwenda kwenye rundo la vitambaa, akatoa ile kadi, akaiweka mapajani pa Shangazi. Akaeleza yote: soko, kisu, kibati, moshi, mpaka lile neno la mwisho alilomwambia Mlingoti. Mama alishika kichwa.

"Pesa zingepotea ningekusamehe hapahapa," Shangazi alisema. "Lakini wewe umechukua jina langu. Kibanda changu hakina mlango wa kioo wala bango la taa. Watu wanakuja kwa sababu ya jina tu."

"Nisamehe, Shangazi."

"Mimi nimesikia. Bado waliosikia ule uongo. Utakwenda mwenyewe, kwa miguu yako hiyo isiyotulia."

Kesho yake alikwenda. Kwa baba yake Mlingoti alisema akiwa amesimama kwenye rundo la mchanga, na mwashi yule aliweka mwiko chini, akasema, "Basi na mimi nina mtu wa kumwomba radhi." Kwa mwokaji kulikuwa na foleni. Alitamani kungoja watu waishe, kisha akakumbuka kwamba Shangazi alipolaumiwa, hakuna aliyengoja watu waishe. Akasema mbele ya wote. Mwokaji alijibu tu, "Nimesikia," akaendelea kufunga mikate.

Mlingoti alikuwa wa mwisho, na kwake ndiko kulikokuwa kugumu.

"Wale njiwa nilikuwa nawajua mmoja mmoja," Mlingoti alisema. "Niliwauza kwa sababu ulisema tuko pamoja."

"Sikutaka..."

"Hukutaka kungoja, basi. Jumamosi nitakuja kwa shangazi yako. Sitakuja kwa ajili yako. Nataka kuona inaumwa nini."

Jumamosi ilifika. Shangazi aliifungua sipiyu kwa bisibisi, si kwa kisu, na wote watatu wakachungulia. Feni ilikuwa imevaa koti: nyuzi za mapazia za miaka mingi zilikuwa zimejisuka pamoja na vumbi zikawa kama blanketi la kijivu.

"Haya," Shangazi alisema, "mngekuwa nyinyi, mngeweza kukimbia mmezibwa pua namna hii? Ilikuwa ikipata joto, ikajizima ili isiungue. Ugonjwa wenyewe ndio huo. Kisha kiliungua kisanduku cha umeme, kwa sababu hiyo kadi yenu ni mlaji mkubwa, na kisanduku kilikuwa mzee."

"Kwa hiyo ilitaka kusafishwa tu?" Kiberiti aliuliza kwa sauti ndogo.

"Kusafishwa, na dawa mpya ya kupoza moyo wake, na kijiti kimoja cha kumbukumbu. Pesa yenu ingetosha, na mngebakiwa na ya soda."

Muuzaji wa sokoni alikataa kurudisha pesa, kama alivyosema. Shangazi alimpata mteja mwenye mashine kubwa aliyeinunua ile kadi, ingawa kwa bei ya hasara. Pesa hizo zilitosha kununua kijiti cha kumbukumbu na kisanduku cha umeme kilichotumika. Sehemu iliyopotea Kiberiti aliilipa kwa jasho: likizo ilipoanza, kila asubuhi alipiga vumbi kompyuta za wateja kwa brashi laini, kazi ambayo ukiifanya kwa pupa unavunja kitu. Malipo yake yalikwenda moja kwa moja kwa Mlingoti. Sipiyu nayo ilihamishiwa juu ya meza, mbali na cherehani.

Siku ya mashindano mashine haikuganda hata mara moja. Walipunguza ubora wa picha, majani ya miti hayakutikisika, lakini lori lilikwenda. Walishinda raundi ya kwanza. Katika ya pili Mlingoti alisema, "Punguza mwendo, kona," na Kiberiti akachelewa kumsikia, lori likatumbukia korongoni.

"Hiyo si kompyuta," Mlingoti alisema.

"Najua. Hiyo ni mimi."

Mlingoti alimtazama, akaanza kucheka, na ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ya moshi.

Jumatatu iliyofuata wote wawili walikuwa kibandani mwokaji mikate alipotokea, amebeba kompyuta yake ikiwa nyeupe kwa unga. Aliiweka mezani.

"Nilimpelekea mwingine," alimwambia Shangazi, "akaniambia ninunue mpya. Nikamkumbuka huyu mtoto aliyesimama mbele ya foleni yangu akajisema mwenyewe. Nikasema, nyumba inayofundisha mtoto hivyo, mimi naiamini."

Alipoondoka, Kiberiti alishindwa kuinua uso. Shangazi alimsogezea brashi.

"Sikilizeni, wanangu," alisema. "Kifaa kikiungua, tunatafuta kingine. Jina likiungua, hakuna soko linaloliuza. Linashonwa upya na aliyelichoma, pole pole, mbele ya watu. Ukiwa na haraka ya kupata kitu, ngoja kwanza. Haraka uiweke kwenye kusema ukweli tu."