Koti la Jumamosi

"Wazee wangu wako getini kwenu," Lwandile alisema kwenye simu. "Mbona hamwafungulii?"

Zoleka alisogeza pazia kidogo. Wanaume watatu wenye suti walikuwa wamesimama juani. Kwetu anayekuja kuposa husubiri getini mpaka akaribishwe.

"Nimewaona," akajibu.

Hapa mjini Komani kila mtu anaijua "just now". Ndiyo sasa hivi ya Kiingereza chetu, na ukiambiwa hivyo usihangaike kuinjika chai. Inaweza kuwa jioni, inaweza kuwa mwakani. Lwandile, aliyekuwa akifanya kazi mji wa Gqeberha, alimwambia Zoleka hivyo tangu mapenzi yao yakiwa mabichi: wazee wanakuja just now. Zoleka aliijua maana yake, akangoja hivyo hivyo, analala na simu pembeni ya mto. Alimpenda, basi.

Aliyemuumiza roho ni baba yake. Kila Jumamosi, siku ya posa kwetu, mzee alivaa koti lake la harusi akaketi sebuleni. Zoleka akimwambia leo hawaji, humjibu:

"Najua, mwanangu. Ila wasije wakanikuta na fulana."

Julai, kwenye baridi kali, walimzika na koti hilo. Lwandile akatuma ujumbe: "Pole mpenzi. Nakuja just now." Hakuonekana. Zoleka alisimama kaburini akiwa mpweke kati ya watu wote wale.

"Zoleka, unanisikia? Wazee wanaungua jua."

"Nani awapokee, Lwandile?"

"Shangazi yako si yupo?"

"Yupo. Baba ndiye hayupo."



"Nimechelewa, nakubali. Lakini si ndicho ulichokuwa unakitaka?"

"Nilikitaka mpaka nikajionea aibu."

Shangazi alichungulia mlangoni na funguo za geti mkononi. Zoleka akatikisa kichwa, machozi yakimtiririka. Bado alimpenda, na hilo ndilo lililomkata maini.

"Basi niambie," Lwandile alisema kwa upole. "Mtawafungulia lini?"

"Just now."

Lwandile hakuuliza tena. Ni mtoto wa hapa hapa.

Baadaye gari la wazee liliondoka. Zoleka akainjika chai, akatoa vikombe viwili kwa mazoea, cha baba na chake. Kimoja akakirudisha kabatini.