Rameni kwa Bi Mauza

Siku Clotilda alipokutana na Ghanim, Mtaa wa Sikukuu ulikuwa umefurika hadi mikokoteni imekwama katikati ya watu. Alivaa gauni la kitenge cha rangi ya machungwa na raba zilizokuwa nyeupe asubuhi. Wimbi la watu lilikuwa limemsukuma mpaka mbele ya duka la viungo, pua imejaa iliki na bizari, naye akaona aombe alichokuja kutafuta: magadi.

"Unapika maharage?" aliuliza muuzaji, kijana mrefu mwenye ndevu zilizochongwa vizuri, mikono ya shati imekunjwa hadi kwenye viwiko.

"Napika tambi."

"Magadi kwenye tambi? Dada, nani amekudanganya?"

Clotilda akamweleza kuhusu rameni, tambi za Kijapani zinazoliwa ndani ya bakuli la supu nzito. Alijifunza kwa kuangalia video kwenye simu. Magadi ndiyo yanayozifanya tambi ziwe na ukakamavu na utelezi, zisilegee kwenye supu ya moto. Ghanim alisema ameuza magadi tangu utotoni na hajawahi kusikia habari hizo. Clotilda akaahidi kumtumia picha.

"Picha haishibishi," alijibu Ghanim huku akimpa namba yake.

Ikawa hivyo. Clotilda aliuza vyombo kwenye duka la jumla la mjomba wake, Mtaa wa Aggrey, na mchana ukifika alikuwa na kila sababu ya kupita Sikukuu. Jioni walipigiana simu hadi chaji iishe. Ghanim alimwita Tilda wa Tambi, naye akamwita Bwana Bizari.

Kabla ya kumkaribisha nyumbani, Clotilda alinunua sufuria mpya, mabakuli mapya na mwiko mpya, akaviweka juu ya kabati chumbani kwake. Ghanim alikuwa Mwislamu. Clotilda alikuwa Mkatoliki wa Rombo, na dada yake Agnesi, aliyeishi naye Mchikichini, hakupitisha Jumamosi bila kitimoto, yaani nyama ya nguruwe. Kuku nao aliwanunua kwa mchinjaji Mwislamu tu. Hakumwambia Ghanim lolote kati ya hayo, asije akajiona mzigo.

Jumapili ya kwanza Ghanim alipoalikwa, Clotilda alichemsha miguu na mifupa ya kuku tangu asubuhi, mpaka supu ikawa nyeupe na kunata midomoni. Akatia dagaa aliowakaanga bila mafuta, tangawizi, vitunguu saumu na sosi ya soya. Juu ya tambi akaweka yai lenye kiini laini, majani ya vitunguu na ufuta. Ghanim alikunywa mpaka tone la mwisho, jasho likimtiririka, kisha akaweka bakuli chini, akamtazama.

"Mbaya?" Clotilda aliuliza.

"Nafikiria nitamwambiaje mama kwamba sitaki tena pilau yake."

Karibu kila Jumapili baada ya hapo alikula pale. Lakini kadiri mapenzi yalivyokolea, ndivyo hofu ya Clotilda ilivyokua. Mama yake Ghanim, Bi Mauza, alikuwa mjane wa Kiarabu aliyeheshimika mtaa mzima. Baba yake Clotilda, Mzee Anaeli, alikuwa katekista kule Rombo. Hakuna kati yao aliyekuwa ameambiwa. Simu za kutoka nyumbani alizikatisha mapema, na usingizi wake ukawa wa kuibiaibia.

Jumamosi moja alirudi kutoka dukani, akamkuta Agnesi jikoni na nyama ya nguruwe ikichemka ndani ya sufuria ile mpya. Sufuria yake ilikuwa imetoboka, alisema Agnesi.

"Usiwe na wasiwasi. Nitaisugua kwa majivu. Hatajua."

Clotilda aliweka mkoba chini. Alimwambia dada yake abaki na sufuria hiyo moja kwa moja, kwa sababu Ghanim hatakula tena kutoka ndani yake, na kwamba asirudie kugusa vitu vya juu ya kabati. Agnesi akaomba msamaha. Clotilda akachukua mkoba ili arudi dukani kununua nyingine, akafungua mlango.

Kwenye kitasa ulining'inia mfuko wa uyoga mkavu, ule aliomwomba Ghanim amtafutie.

Alishuka ngazi mbio hadi barabarani. Hakumwona. Akapiga simu, ikaita hadi ikakata. Akatuma ujumbe, ukasomwa, usijibiwe. Jumapili ilipita bila mgeni, na wiki iliyofuata alikuwa akiitazama simu hata akiwa anahudumia wateja, mpaka mjomba akamuuliza kama kuna msiba.

Mwishowe akaenda Sikukuu mwenyewe. Ghanim alimwona, akaendelea kufunga karafuu.

"Karibu, dada. Nikupimie nini?"

Neno hilo dada, alivyolitamka kama kwa mtu baki, lilimchoma. Clotilda akasogea, akasema kwa sauti ya chini wateja wasisikie.

"Ulisikia nusu, Ghanim."

"Nilisikia ya kutosha. Hatajua."

"Alisema Agnesi. Nilichomjibu hukungoja kukisikia. Sufuria nilimwachia yeye, nyingine nilikuwa naenda kuinunua nilipokuta uyoga wako mlangoni." Alimkazia macho. "Lakini hilo si kubwa. Kubwa ni kwamba umekula mikononi mwangu muda wote huu, halafu ukaamini naweza kukufanyia hivyo."

Akaondoka. Sasa ikawa zamu ya simu ya Ghanim kuita bila kupokelewa.

Alikuja mwenyewe Mtaa wa Aggrey, Ijumaa baada ya sala, kanzu imenyooka na uso umesawajika. Alisimama katikati ya ndoo za plastiki na masinia, akamwomba radhi. Alikosea, alisema. Alipaswa kubisha hodi na kuuliza. Anamtaka awe mkewe, wafunge ndoa ya serikali bomani, kila mmoja abaki na dini yake.

"Ila kuna jambo," aliongeza, macho chini. "Siku ile nilifika nyumbani nikamwambia mama. Sasa anaamini ulikuwa unanilisha haramu."

Clotilda alishika meza.  Alimpenda, na wakati huohuo alitamani kumpiga na sinia.

"Muulize kama ataniruhusu nipike jikoni kwake," alisema hatimaye. "Kwa sufuria zake, kwa kuku wake, yeye mwenyewe akiwepo."

Bi Mauza aliruhusu. Alimpokea kwenye nyumba yao ya ghorofani, Mtaa wa Livingstone, amevaa deraa jeusi na mtandio wa zambarau, bangili za dhahabu mkononi. Aliitikia marahaba bila kutabasamu, akavuta kiti jikoni, akakaa. Ghanim akaambiwa abaki sebuleni.

Supu ilipoanza kuchemka, Clotilda akakanda unga. Alikosea kipimo, donge likapasukapasuka. Alijaribu tena, likapasuka tena. Nyuma yake bangili zikalia.

"Mwanangu aliniambia umemlisha nguruwe," alisema Bi Mauza.

"Sijamlisha, mama. Lakini sufuria iliguswa kweli, nyumbani kwetu, wakati mimi sipo. Siwezi kukuficha hilo. Siku hiyohiyo niliiacha."

Supu ikatokota. Clotilda alingoja kufukuzwa.

"Unga huo unataka maji," Bi Mauza akasema, akainuka. "Lete hapa mie." Alilichukua donge, akalikanda kwa mikono iliyokanda chapati maisha yake yote, likalainika. Clotilda akalisukuma na kulikata nyembamba nyembamba.

Walikula watatu. Bi Mauza alionja supu, akaonja tena, hakusifu. Ila bakuli alilimaliza. Kisha akamgeukia Clotilda.

"Baba yako anajua?"

"Hajui, mama."

"Mie nimeambiwa, nimekasirika, nikalala, nikaamka. Na yeye mpe nafasi yake ya kukasirika. Mpigie."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi."

Clotilda alipiga simu, akaiweka kwenye spika. Akamwamkia baba, akamweleza yote kwa pumzi moja: kijana, jina lake, dini yake, ndoa ya bomani. 

"Utabadili dini?" Mzee Anaeli aliuliza.

"Hapana, baba. Hajaniomba."

"Kwenye ukoo wetu jambo hili halijatokea."

"Najua, baba."

 Ghanim alikuwa amesimama, hajui pa kuweka mikono yake.

"Desemba si mnakuja?" mzee akasema, sauti nzito. "Nina beberu nimemfuga kwa ajili ya Krismasi. Mwambie huyo kijana aje amchinje mwenyewe. Sitaki mtu akae mezani kwangu na njaa."

Clotilda alishukuru, machozi yakimtoka. Bi Mauza, aliyesikia kila neno, akamgeukia mwanawe na kumuuliza kama amewahi kuchinja mbuzi.

Ghanim akakiri hajawahi hata kuku.

"Basi utajifunza," alisema mama yake, akaanza kukusanya mabakuli.