Mti Kwenye Kiwanja cha Kuazima

Sidonia alikutana na Wilbert soko la Majengo siku ya Jumamosi, watu wakipishana kwa mabega. Yeye alifuata uzi na zipu. Kijana huyo, shati lake la kitenge limejaa vumbi, alikuwa akimuuliza kila mtu mahali pa kupata matairi mabovu, na kila mtu alimcheka. Sidonia naye alicheka, ila akamwelekeza kwenye gereji nyuma ya soko.

"Unataka kuyafanyia nini, kaka?"

"Viti."

"Vya nani?"

"Vyako, ukija kukaa."

Jumatatu akamwona tena, safari hii ng'ambo ya barabara, mbele ya kibaraza cha mtaa wa Makole ambako Sidonia aliweka cherehani yake. Pale palikuwa na kiwanja kitupu cha Mama Restuta, mjane anayeishi Iringa. Miaka yote kilikuwa cha mbuzi na mifuko ya plastiki. Wilbert na wenzake walikuwa na kazi ya kuomba viwanja vilivyolala ili watu wapate pa kukutania, na hiki walikiazima kwa mdomo tu, mpaka mwenyewe atakapoanza kujenga. Wakafyeka, wakapaka matairi rangi, wakagonga mabenchi, wakatundika neti ya kivuli. Jioni wakaja wacheza drafti, wanafunzi wa chuo, na makarani waliohamishiwa Dodoma wakaacha familia zao mbali.

Sidonia alikuwa na chumba cha kupanga na redio. Miaka sita mjini, mlango wake uligongwa na mwenye nyumba peke yake. Sasa akifunika cherehani alivuka barabara, akamkuta Wilbert amemshikia nafasi kwenye benchi, zabibu ziko kwenye kikombe cha plastiki, anamwita Mama Cherehani. Akirudi chumbani, simu ilimfuata.

"Umelala, mpenzi?"

"Nimelala."

"Mbona unaongea?"

"Naota. Usiniamshe."

Ijumaa moja Wilbert alipanda mche wa mwarobaini katikati ya kiwanja, akatangaza mbele ya wote kwamba ni wa Sidonia. Watu wakapiga makofi. Sidonia alitabasamu, lakini hakupiga makofi. Kwao Mlali, anayeazima shamba hupanda mahindi, alizeti, karanga. Akipanda mti, amesema shamba ni lake, na ugomvi huanzia hapo. Na kesho yake Mama Restuta alikuwa anakuja kuangalia mali yake. Mara mbili Sidonia alifungua mdomo amwambie Wilbert. Mara mbili akautazama ule uso wenye furaha, akanyamaza. Alfajiri alivuka na jembe la jirani, akaung'oa mche, akafukia shimo na kulikanyaga mpaka likawa sawa na ardhi nyingine.

Mama Restuta akaja na kilemba chake kikubwa, akaitikia shikamoo za watu, akakagua kiwanja kona kwa kona. Akasema hajaona cha kumtia wasiwasi, waendelee kukaa. Wilbert hakumsikiliza. Alikuwa amesimama palipokuwa na mche. Mama alipoondoka, akauliza nani kaung'oa.

"Mimi," Sidonia akasema. Watu waliwageukia kabla hajaeleza kwa nini.

"Ungeniambia tu kwamba hunitaki," Wilbert akasema taratibu. "Si mpaka ungoje watu walale."

Tangu hapo Wilbert hakupokea simu zake tena. Wenzake walisema amekwenda Chemba kutengeneza kiwanja kingine. Hiki cha Makole kilibaki, na Sidonia akaendelea kuvuka barabara, maana chumbani kulikuwa kubaya zaidi. Alikaa kwenye benchi lile lile amejitanda khanga dhidi ya upepo wa Julai. Karani mmoja pembeni yake aliongea na mwanawe kwa simu, akimuuliza amekula nini. Sidonia alimsikiliza mpaka mwisho kana kwamba ameulizwa yeye. Huko Chemba, Wilbert alimwandikia jumbe nyingi. Zote alizifuta kabla ya kuzituma.

Kisha matofali yakashushwa. Mama Restuta alikuwa anaanza kujenga, na Wilbert akaja na kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, kuchukua mabenchi. Alikuwa amekonda. Sidonia aliacha gauni la mteja chini ya sindano, akavuka, akamweleza bila kupumzika habari ya mti na shamba la kuazima, na kwamba Mama Restuta angeuona mti angewafukuza siku ile ile.

Wilbert aliweka benchi chini, akalikalia. "Kwetu Karagwe, ukimng'olea mtu mti wake umemwambia asirudi."

"Sasa mbona hukuniuliza?"

"Na wewe mbona hukunisemesha?"

Wilbert akainuka. Wakapakia mabenchi, mmoja huku, mmoja kule, mafundi wakivuta kamba za msingi katikati yao. Wilbert akapanda, gari likaondoka, na Sidonia akabaki amesimama mahali pasipo hata tairi la kukalia. Kesho angefunika cherehani na kwenda chumbani moja kwa moja.

Gari halijafika kona, simu ikaita.

"Sidonia, nikija Mlali kuleta posa nianzie kwa nani? Kwa baba yako mkubwa au kwa yule shangazi yako Evelina uliyenisimulia?"

Alisogea mbali na kelele za mafundi. Alitaka jibu lake lisikike vizuri.

"Anzia kwangu," akasema. "Hujaniuliza bado."

Kule mbele, injini ikazimwa.